Wino Kwanza: Kutambua Uchapaji na Aina za Stempu za Kale

Hotuba kwa wakusanyaji wa stempu, Kisumu

Wazee wetu, walimu, mabibi na mabwana, hamjambo. Naona bahasha, albamu na hata makopo ya biskuti mapajani mwenu, na najua wengi mmekuja na swali moja: hii yangu ni bei gani? Swali hilo tuliweke kando kwa saa moja. Bei hufuata jina, na jina kamili la stempu halitoki kwenye picha yake. Stempu mbili za jahazi, za senti 50, zenye kichwa cha mfalme yuleyule na rangi zilezile, zaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, moja ya kumpa mtoto achezee na nyingine ya kufungia kabatini. Kinachozitenga ni jinsi wino ulivyokaa juu ya karatasi, idadi ya meno pembeni, alama ya maji ndani ya karatasi, au kamba nyembamba kama unywele kwenye mchoro.

Mpangilio wa kazi ni huu: wino kwanza, kisha meno, kisha alama ya maji, na picha mwisho. Anayeanza na picha hudanganyika, kwa sababu picha ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuiga.

Vifaa havina gharama kubwa. Unahitaji lenzi ya kukuza mara 10, kibano chenye ncha bapa kisicho na meno, rula yenye milimita zinazosomeka vizuri, na tochi. Taa ya simu inatosha. Mikono iwe mikavu. Hapa kando ya ziwa jasho la vidole na unyevu wa hewa huamsha gundi nyuma ya stempu, na stempu iliyoganda kwenye plastiki ya albamu haitoki nzima. Zihifadhi kwenye karatasi ya glasini, yaani karatasi nyororo inayopitisha mwanga, kitabu kisimamishwe wima, na uweke vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani ya sanduku. Madoa ya kahawia mnayoyaita kutu ni kuvu, na kuvu huhama kutoka stempu moja hadi nyingine. Yenye madoa itengwe leo.

Sasa wino. Stempu za kale za eneo letu zilichapwa kwa njia nne hivi, na kila njia huacha alama isiyofichika.

Ya kwanza ni chapa ya mchongo. Fundi huchonga mistari ndani ya chuma. Bamba hupakwa wino, uso wake hupanguswa, wino ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi hukandamizwa kwa nguvu nyingi hadi inaingia mferejini na kuunyonya. Matokeo yake, wino husimama juu ya karatasi kama tuta dogo shambani. Stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya peni moja iliyotolewa Uingereza mwaka 1840, ilichapwa hivi, na kampuni ya Perkins Bacon. Ili kuitambua, laza tochi karibu na meza, mwanga upite kwa ubavu, utaona mistari ikitupa vivuli. Tazama pia sehemu zenye rangi nzito: mchongaji hakuweza kuchimba shimo pana, maana wino ungepanguswa ukatoka, kwa hiyo giza lote hujengwa kwa mistari inayopishana. Ukiona weusi mtupu usio na mistari, sita kidogo.

Kuna jaribio la foili ambalo ni zuri kwa stempu iliyotumika. Laza kipande cha foili laini ya jikoni juu ya uso wa stempu, kisha usugue polepole kwa ncha ya kifutio. Kama ni mchongo, mistari itajichora kwenye foili. Usitumie ukucha, na usilifanye kwenye stempu yenye gundi kamili. Ukiigandamiza juu ya meza ngumu unaiharibu kwa ajili ya jibu ambalo tochi ingekupa bure.

Ya pili ni chapa ya mwinuko, ambayo ni kinyume chake. Hapa kinachochapa ni sehemu iliyoinuka, kama muhuri wa mpira wa ofisini. Shinikizo huusukuma wino ukingoni, kwa hiyo chini ya lenzi kila herufi na kila mstari huwa na ukingo mweusi zaidi na katikati palipofifia kidogo. Geuza stempu: mara nyingi nyuma kuna uvimbe mdogo pale herufi zilipobonyea. Kampuni ya uchapaji ya De La Rue ya London ilichapa hivi stempu za Mfalme Edward wa Saba za mwaka 1903, za himaya za Afrika Mashariki na Uganda, na zile za Kenya na Uganda za Mfalme George wa Tano zilizoanza mwaka 1922. Katika kazi ya aina hii mara nyingi kichwa na fremu vilichapwa kwa bamba moja, na thamani kwa bamba jingine. Ndiyo maana utakuta tarakimu zimesogea juu au pembeni ndani ya kisanduku chake. Kusogea huko kunapendeza kutazama, lakini hakuna thamani kubwa, na msimlipe mtu fedha nyingi kwa ajili yake.

Ya tatu ni litografia. Alois Senefelder aliivumbua Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, akitumia jiwe, mafuta na maji: palipo na mafuta hushika wino, palipo na maji huukataa. Jiwe ni bapa, kwa hiyo chapa yake ni bapa. Hakuna tuta, hakuna ukingo mweusi, hakuna uvimbe nyuma. Stempu za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki za mwaka 1890, zenye jua na taji, ni litografia ya kampuni ya Bradbury Wilkinson. Stempu nyingi za kisasa pia ni za njia hii kwa mtindo wa ofseti, ambapo wino hupita kwanza kwenye mpira ndipo ufike kwenye karatasi.

Litografia inafaa muijue vizuri kuliko zote kwa sababu moja: ndiyo njia ya waghushi wa zamani. Kuchonga chuma kulihitaji fundi wa miaka mingi; kuhamishia mchoro kwenye jiwe kulihitaji chumba cha nyuma na mtu asiye na haya. Kwa hiyo stempu inayopaswa kuwa ya mchongo au ya mwinuko, ikionekana bapa kabisa, imejihukumu yenyewe. Waghushi wa leo hutumia printa za kompyuta, na hao ni rahisi zaidi: lenzi itaonyesha vitone vya samawati, waridi na manjano vimemwagika ovyo, hata ndani ya rangi ambayo ingepaswa kuwa moja.

Ya nne ni fotogravia. Picha hupigwa kupitia wavu mwembamba, ikagawanywa kuwa vishimo vidogo mno kwenye silinda. Kila kitu huwa vitone vilivyopangwa kwa safu, na kingo za herufi huwa na vijino kama msumeno. Hapo ndipo inapotengana na ofseti, ambayo picha yake pia ni vitone lakini herufi zake mara nyingi ni laini. Stempu za uhuru wa Kenya za Desemba 1963 ni fotogravia. Toleo la pamoja la mwaka 1960 la Kenya, Uganda na Tanganyika linafaa sana kujifunzia: thamani za senti ni fotogravia na thamani za shilingi ni mchongo. Weka ya senti 10 na ya shilingi 1 bega kwa bega chini ya lenzi, dakika tano tu, na hutazichanganya tena njia hizo mbili.

Sasa tufike kwenye toleo ambalo wengi wenu mnalo nyumbani bila kujua utajiri wa mambo yake: lile la Kenya, Uganda na Tanganyika la mwaka 1935 na mrithi wake wa mwaka 1938 hadi 1954. Ni toleo la kwetu kwelikweli. Wale korongo wenye taji kwenye senti 1 na senti 20, vitabu vya stempu huwaita korongo wa Kavirondo, jina la zamani la nchi hii ya Nyanza na ghuba mnayoiona dirishani. Jahazi la senti 5 na senti 50 linasafiri kwenye ziwa hilihili la Viktoria. Daraja la senti 30 ni la reli, pale Jinja. Barua nyingi za askari wa vita vya pili, za misheni na za walimu kutoka Maseno hadi Bungoma zilibandikwa hizi.

Toleo la 1935 ni mchongo, isipokuwa simba. Simba wa senti 10 na wa pauni 1 ni chapa ya mwinuko. Tazameni wenyewe: manyoya ya simba hayana tuta, ila yana ukingo wa wino uliosukumwa. Nazo zimechapwa rangi mbili kwa mabamba mawili, fremu mbali na picha mbali, kwa hiyo picha ya katikati huweza kukaa chini kidogo au kushoto kidogo.

Kwenye jahazi tafuta kamba ya tanga. Kuna aina mbili za mchoro. Katika aina ya kwanza ncha ya kamba haijafika kwenye tanga. Pana pengo jeupe linaloonekana vizuri kwa lenzi. Katika aina ya pili kamba imegusa tanga. Zote mbili zipo kwenye senti 5 za mwaka 1935. Katika toleo la 1938, lenye Mfalme George wa Sita, senti 50 za kawaida kamba yake imegusa, na ile isiyogusa ndiyo inayotafutwa. Kosa linalofanywa sana hapa ni kuisoma stempu iliyogongwa muhuri mzito: wino wa muhuri huziba pengo, mtu akasema kamba imegusa. Inamisha stempu kwenye mwanga. Wino wa muhuri una weusi mwingine na hauna tuta. Kama huwezi kuamua, andika pembeni kwamba hujaamua. Hiyo ni kazi ya heshima.

Senti 10 za George wa Sita zina Ziwa Naivasha, na humo mna stempu ambayo mlima wake ulichongwa upya baada ya bamba kuchakaa. Kuchongwa upya hujulikana kwa mistari mipya iliyo mizito na mikali kuliko jirani zake, wakati sehemu nyingine ya stempu imefifia. Msichanganye jambo hili na doa la vumbi. Kasoro ya bamba hurudi kila karatasi inapochapwa, mahali palepale. Doa la vumbi huja mara moja na kupotea. Ukiona alama, tafuta stempu ya pili yenye alama hiyohiyo kabla hujaipa jina.

Meno ndiyo yanayolipa toleo hili sifa yake. Meno huhesabiwa kwa kila sentimita 2, na namba ya kwanza ni ya upande wa juu, ya pili ni ya ubavuni. Stempu ikiitwa 13 kwa 11¾ maana yake juu meno ni 13 na ubavuni ni 11¾ katika sentimita 2. Katika miaka 16 ya toleo hili meno yalibadilika tena na tena. Sababu mojawapo ni vita: kiwanda cha De La Rue huko London kiliteketezwa na mabomu Desemba 1940, na stempu za baada ya hapo zikapitia mashine nyingine za kutoboa. Pauni 1 yenye simba inakuja na meno 11¾ kwa 13 mwaka 1938, 14 mwaka 1941, na 12½ mwaka 1954. Picha ni moja, stempu ni tatu.

Kama huna kipimo cha meno, tumia stempu nyingine unayoijua. Pitisha ukingo wa mojawapo juu ya mwingine, jino juu ya jino kuanzia kona. Kwenye meno 14 umbali wa jino hadi jino ni kama milimita 1.43, kwenye 13¼ ni milimita 1.51. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho kwenye jino moja, lakini ukifika jino la 9 au la 10 moja itakuwa imeipita nyingine kwa nusu jino. Kati ya 11¾ na 13 utaona mpishano huo kwenye jino la tano tu. Rula ya kawaida ya shule haifai kutofautisha 13¼ na 14. Wengi wamejivunia stempu za 1941 ambazo hazikuwa za 1941.

Angalia pia kona. Mashine iliyotoboa mistari moja moja huacha kona ambapo matundu yameparamiana. Mashine ya mfano wa kitana hutoboa pande tatu za kila stempu kwa pigo moja, nayo huacha kona safi. Meno yaliyonyooka mno, yenye ncha kali kuliko pande nyingine tatu, ni dalili ya mtu aliyetoboa upya ukingo uliokatwa.

Alama ya maji nitaipitia kwa haraka. Laza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, dondoshea matone mawili ya petroli ya kujazia viberiti, na alama itatokea nyeusi kwa sekunde chache. Fungua madirisha, na jiko liwe mbali. Mvuke wake unashika moto. Kwa fotogravia usiitumie kabla ya kujaribu stempu ya bei rahisi, kwa sababu baadhi ya wino wake huyeyuka. Mnachotafuta ni taji na herufi CA, za mawakala waliosimamia uchapishaji wa makoloni. Taji moja na CA moja kwa kila stempu ni ya mwaka 1903. Taji na CA nyingi zikijirudia kwa herufi za kusimama ni za 1904 na kuendelea. Zikijirudia kwa herufi za mwandiko wa mkono ni za 1921 na kuendelea. Ukitazama nyuma, herufi za kawaida huonekana kinyume, kama kwenye kioo. Zikisomeka sawasawa zikitazamwa nyuma, kumbuka hilo na uliandike, maana karatasi iligeuzwa.

Jambo linalonitia uchungu kuliko yote ni maji. Kila mara mtu hurithi bahasha za babu yake, akajaza beseni na kuloweka zote pamoja. De La Rue alitengeneza kwa makusudi wino wa zambarau na wa kijani unaoyeyuka majini, ili mtu asiweze kuosha muhuri au saini na kutumia stempu tena. Wino huo ulitumika kwenye chapa ya mwinuko ya Edward wa Saba na George wa Tano. Stempu ya kijani ikilowekwa hutoka na rangi ya njano iliyochoka, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mchongo wa 1935 huvumilia maji ya vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, stempu ikielea uso juu, hadi itoke yenyewe bila kuvutwa. Zambarau na kijani za mwinuko ziwekwe kwenye kopo lenye sponji nyevu chini na kiwavu juu yake, kifuniko kifungwe, ukichungulia kila nusu saa. Bahasha nyekundu nazo zitengwe. Rangi yake huhama.

Na kama bahasha ni nzima, usikate. Kisumu iliitwa Port Florence reli ilipofika mwishoni mwa 1901, na hadi mwaka 1902 eneo hili lilikuwa chini ya Uganda, si Himaya ya Afrika Mashariki. Muhuri wa Port Florence juu ya bahasha nzima una thamani ambayo stempu iliyokatwa haina tena. Vivyo hivyo bahasha za ndege za mwaka 1931, shirika la ndege la Imperial Airways lilipoanza kutua hapa likielekea Mwanza.

Kuhusu chapa za ziada, yaani maneno au thamani zilizogongwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa, swali ni moja: wino upi uko juu? Mfano ni senti 4 juu ya senti 6 za mwaka 1919, au stempu za Afrika Kusini zilizogongwa thamani mpya kwa ajili yetu miaka ya 1941 na 1942. Chapa halali ilikuja kabla ya muhuri wa posta. Chini ya lenzi, mahali zinapopishana, muhuri unapaswa kupita juu. Ukiona chapa imekaa juu ya muhuri, ilitengenezwa baada ya barua kufika.

Zile za kauri za Uganda za mwaka 1895 ni kisa cha peke yake. Kasisi Ernest Millar alizipiga kwa taipureta huko Mengo, thamani zikihesabiwa kwa kauri, yaani makombe ya baharini yaliyotumika kama fedha. Novemba 1896 zikafuata zilizopangwa kwa herufi za chuma na kasisi Rowling huko Lubwa, Usoga, na baadhi yake zina o ndogo katika neno POSTAGE. Kughushi taipureta ni rahisi mno. Ukiletewa ya kauri, usinunue kwa macho yako wala kwa maneno ya muuzaji. Inahitaji cheti cha wataalamu, bila cheti iachwe.

Kwa karatasi kuna msaada karibu: tochi ya mwanga wa zambarau wanayotumia madukani kukagua noti bandia. Karatasi za kabla ya vita hazikuwa na dawa ya kung'arisha. Stempu inayodai kuwa ya 1890 ikiwaka nyeupe ya samawati gizani, ishuku. Lakini sabuni ya unga huacha dawa hiyohiyo, kwa hiyo stempu halisi iliyooshwa na mtu asiyejua nayo itawaka. Hapo rudi kwenye wino.

Stempu za pauni 1 na zaidi za George wa Tano zilitumika pia kulipia hati za serikali, zikikatwa kwa kalamu. Alama za kalamu zikifutwa, hubaki mkwaruzo na weupe usio wa kawaida, kisha muhuri wa posta wa uongo hugongwa juu. Tochi ya ubavuni itaonyesha nyuzi za karatasi zilizosimama pale kalamu ilipofutwa.

Lenzi tatu ziko mezani, na kando yake nimeweka korongo wa senti 1, simba wa senti 10, jua la 1890 na bendera ya 1963. Anzeni na hizo kwa mpangilio huo, tochi ikiwa imelazwa, kabla hamjafungua bahasha zenu. Atakayeona zambarau au kijani ya mwinuko ndani ya bahasha yake, aiweke kwenye trei ya mkono wa kulia, mbali na beseni.